Wanafunzi watatu, mikono miwili ya kulia: jinsi ya kumfundisha mtu ushonaji anapokosea kivyake

Kama unashona hili kosa unalijua. Umekata gauni vizuri, mbele, nyuma, kila kitu, unafika kwenye mikono unakata mmoja kwa kufuata karatasi yenye umbo la mkono, unaiweka karatasi pale pale unakata wa pili, halafu unakuja kushona unakuta mikono yote miwili ni ya kulia. Kwa asiyeshona nieleze kidogo, mkono wa gauni haulingani pande zote, upande wa mbele unachimbwa zaidi kwenye kwapa kuliko wa nyuma ili nguo isijikusanye kifuani, kwa hiyo kuna wa kulia na wa kushoto kama viatu, na dawa yake ni kukunja kitambaa uso kwa uso ukate yote miwili kwa pamoja, au kama kitambaa hakitoshi unageuza karatasi kabla ya kukata wa pili. Basi. Ni kitu cha sekunde tano.

Sasa mwaka jana ndani ya wiki tatu hivi wanafunzi wangu watatu walilifanya kosa hilo hilo mmoja baada ya mwingine. Nikawaeleza wote kwa maneno yale yale, nikakunja kitambaa mbele yao wakaona, nikaamini nimemaliza. Wa kwanza akarudia mwezi uliofuata. Wa pili hakurudia, ila ni kwa sababu hakukata tena kitu chochote, kila nikimpa mkasi anakumbuka kuna vifungo havijapigwa. Wa tatu hata hakujua kama alikosea. Yaani somo moja, mwalimu mmoja, na hakuna aliyetoka na kile nilichodhani nimempa.

Hapo ndo nikabadilisha namna ya kufundisha, na haya naandika kwa mafundi wenzangu mlio na vijana kibandani, ingawa nadhani hata mwenye gereji au saluni atapata kitu.

Kabla hujasema neno, muulize

Najua inavyokuwa. Umeona kitambaa cha mtu kimeharibika, kichwa kinapata moto, unafungua mdomo unaanza "si nilikwambia?" Usiseme. Mwambie aweke nguo mezani akueleze toka mwanzo alivyokata, hatua kwa hatua, wewe nyamaza. Dakika tano tu, na uzinyamazie kweli, usimmalizie sentensi.

Kijana wa kwanza, mwepesi sana wa mikono huyo, aliniambia kitambaa kilikuwa kinateleza, na chaki ilifutika, na umeme ulikuwa umekatika (kukata na mkasi kunahitaji umeme wa wapi jamani). Binti wa pili alisema neno moja tu, "anti mi kichwa changu kizito." Wa tatu ni mama mtu mzima, kanizidi umri, kila asubuhi nampa shikamoo halafu ndo namfundisha. Yeye alikuwa amekata kitenge cha wax, kile ambacho rangi imeingia pande zote mbili huwezi kujua uso ni upi, kwa hiyo alipoona mkono unakataa kukaa akaugeuza ndani nje, ukakubali, nguo ikaisha, mteja akaondoka anacheka. Kwake yeye kosa lilikuwa wapi? Alichotoka nacho siku ile ni kwamba mkono ukikataa unaugeuza, na nguo ilimthibitishia kwamba yuko sahihi.

Kwa hiyo jibu analokupa ndo linakwambia umfundishe vipi. Anayelaumu kitambaa, anayejilaumu mwenyewe, na yule ambaye bahati imembeba hao ni watu watatu tofauti hata kama nguo mezani inafanana, ukiwapa dawa moja atapona mmoja au hatapona hata mmoja.

Aliyebebwa na bahati

Naanza na huyu kwa sababu ndo wa hatari na ndo tunamsahau, maana nguo yake imetoka nzuri na sisi mafundi tunaangalia nguo. Mkono wake haujakosea kwa macho ya mteja, kwa hiyo hana sababu yoyote ya kubadilika, mwache hivyo hivyo mpaka siku aletewe satini ya sare za sendofu, ndo utaona mkono mmoja unang'aa mwingine umefifia na kesho shughuli.

Mimi sikusubiri hiyo satini ya mteja. Nilitafuta vipande vya satini vilivyobaki nikampa ashone mikono miwili kwenye kifua kimoja, lakini kabla hajagusa cherehani nikamwambia, "mama naomba uniambie kwanza, huu utakaa upande gani, na upande unaong'aa utakuwa wapi?" Akasema. Nikamwomba aandike kwenye daftari kabisa. Akashona. Alipogeuza nguo akakuta mmoja unang'aa na mwingine uko kinyume, alikaa kimya akaangalia daftari, akaangalia nguo, akaangalia daftari. Sikuhitaji kueleza kitu. Kukunja kitambaa uso kwa uso nilikuwa nimemwonyesha mara mbili huko nyuma, haikuingia, siku hiyo iliingia.

Siri iko kwenye kusema kabla. Mtu akishona bila kutabiri, matokeo yoyote yakitoka anajiambia "nilijua", wote tuko hivyo, hata wewe. Akiwa ameandika hana pa kukimbilia. Siku hizi kila mwanafunzi wangu ana daftari lenye sehemu ya kutabiri, anaandika kitambaa gani, anategemea nini ("hapa kiunoni patavuta", "lesi itaachia kwenye ovaloki"), halafu jioni anaandika kilichotokea. Siyo insha, mistari miwili inatosha, na wasiopenda kuandika wanachora.

Kosa lisikae mbali na mkono uliolifanya

Hili ni kosa letu mafundi na siyo la wanafunzi. Kwenye vibanda vingi fundi mkuu ndo anakata na mwanafunzi anashona, kwa sababu kitambaa cha mtu ni pesa na mkasi haurudi nyuma. Naelewa. Lakini angalia kinachotokea, mwanafunzi anashona miaka miwili, mikono iko sawa kabisa, hajawahi kukata, kwa hiyo kila kasoro ya mkato anafikiri ni ya kushona. Anavuta kitambaa, anapiga pasi, anakunja, anahangaika na kitu ambacho kiliharibika juzi mezani kwa mtu mwingine. Atajifunza nini hapo?

Nachofanya ni hivi. Kila mwanafunzi ana nguo ya wiki ambayo anaipima, anaikata na anaishona mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, hata kama ni ya mtoto, hata kama ni ya shuka la mtumba, na aimalize haraka iwezekanavyo, akate asubuhi ashone mchana. Ukikata Jumatatu ukashona Ijumaa umeshasahau ulikunjaje. Kwa wanaoanza kabisa tunakata kwanza kwenye gazeti au mfuko wa saruji uliosafishwa, tunabana na pini, tunavalisha mtu.

Cha pili, mteja akija kujaribu nguo mwite mwanafunzi aliyeishona asimame pale. Asijifiche nyuma ya cherehani. Mteja akiinua mkono akasema "hapa pananibana" huyo kijana amepata kitu ambacho wewe ukimwambia kwa maneno mwezi mzima hatakisikia vile. Wateja wengine hawapendi, waombe kwa upole, wengi wanakubali, na wengine wanapenda kuelezea kupita kiasi.

Halafu kuna makosa ambayo hayarudi kabisa na hayo lazima uyafuate mwenyewe. Mimi miaka ya mwanzo nilikuwa nashona suruali za kaki za pamba bila kuloweka kitambaa kwanza. Zinatoka hapa nzuri kweli, mteja analipa anaondoka, anafua mara mbili suruali inapanda juu ya kifundo. Unafikiri alirudi kuniambia? Alikwenda kwa fundi mwingine. Kwa hiyo mimi nilikuwa nahesabu kila suruali kama ushindi, na ndo nikawa nafundisha wengine hivyo hivyo, mpaka mdogo wangu mwenyewe nilimshonea akaja nayo imekuwa pensi. Toka hapo baada ya wiki tatu nne nampigia mteja au namtumia meseji, "ile nguo baada ya kufua imekaaje?" na namwachia mwanafunzi aliyeshona ndo apige. Majibu mengine yanauma. Lakini mtu ambaye hasikii nguo ilivyoishi huko ilikoenda anaweza kushona miaka ishirini na akabaki anarudia lile lile.

Yule anayejilaumu

Yule binti wa kichwa kizito. Kwanza acha kumwambia "usijali" maana anajali, na acha kumpa pole mbele za watu, inamzamisha zaidi.

Kuna jambo nililisoma likanisaidia kumvumilia. Mwaka 2004 wanasayansi Marekani walichapisha utafiti wa watu wenye ugonjwa wa Parkinson, wale wanaotetemeka mikono kwa sababu kemikali moja kwenye ubongo inaitwa dopamini imepungua. Waliwapa mchezo wa kuchagua alama, unapatia au unakosea. Wakiwa hawajameza dawa yao walijifunza vizuri zaidi kutokana na kukosea, wanajua cha kukwepa, na wakishameza dawa watu wa aina ile ile wakawa wanajifunza vizuri zaidi kutokana na kupatia. Sisemi binti wangu mgonjwa, wala usianze kuwapima wanafunzi, nasema tu kwamba nilikuwa naona asiyejifunza kwa kukosea ni mkaidi au mvivu, na kumbe hata ndani ya kichwa njia za kujifunza haziko moja.

Kwa hiyo yeye nilimtoa kwenye mikono kabisa. Nikampa foronya, hazina kulia wala kushoto, akate mwenyewe. Halafu sketi za lastiki. Halafu gauni la mtoto lisilo na mikono. Na kila alipopatia sikusema "hongera", hongera haifundishi kitu, nilimwambia amepatia kwa sababu gani: "hapa kwenye kona uliacha sindano imezama ndani ya kitambaa, ukainua mguu wa cherehani, ukageuza, ndo maana kona imekaa." Mtu anayejiona hawezi, akipatia anasema ni bahati au ni anti kanisaidia, sasa ukimtajia kitendo chenyewe alichokifanya kwa mkono wake hawezi kukikataa, na kesho anajua cha kurudia.

Ilichukua kama miezi miwili mpaka akaomba mkasi mwenyewe. Mpaka leo akikunja kitambaa cha mikono anasema kwa sauti, "uso kwa uso," wenzake wanamcheka, yeye anakata.

Jumamosi mezani

Hii ndo ninayoipenda kuliko zote na haina gharama. Jumamosi jioni kabla hatujafagia natundika nguo moja iliyoharibika, sitaji ya nani, nawauliza wote: ilianza kuharibika wapi? Siyo wapi pameharibika, hapo kila mtu anaona, ilianzia wapi. Kola imesimama vibaya, haya, ni kipimo, ni mkato, ni kushona au ni pasi? Wanabishana, wanafumua, wanapima na tepu.

Kuna utafiti wa mwaka 2013 juu ya madaktari wapasuaji wa moyo 71, waliwafuatilia kwa miaka kumi kwenye operesheni zaidi ya 6,500 za teknolojia mpya, wakakuta daktari anajifunza zaidi kutokana na kufaulu kwake mwenyewe kuliko kufeli kwake, lakini kwa mwenzake ni kinyume, anajifunza zaidi kutokana na mwenzake kufeli. Nilipokutana nayo nilicheka nikasema kumbe na madaktari. Maelezo yao ni kwamba mtu akifeli mwenyewe anatafuta sababu za nje, mgonjwa alikuwa na hali mbaya, vifaa hivi na vile, ila akimwona mwenzake kafeli anaona waziwazi alichofanya. Ndo chaki na umeme wa kijana wangu huo.

Sharti moja la Jumamosi, anza na nguo yako wewe fundi. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa suruali ile ya kaki. Ukianza na ya mwanafunzi itakuwa mahakama na wiki ijayo hakuna atakayeleta nguo.

Na hapo nigusie hela maana bila hili mengine yote ni maneno. Kitambaa kikiharibika nani analipa? Nilikotoka mimi kujifunza, mwanafunzi alikuwa analipa kitambaa chote, na matokeo yake tulikuwa wataalamu wa kuficha. Tunaunga viraka ndani ya bitana, tunatupa vipande kwenye mfuko tunaondoka navyo. Tulijifunza kuficha vizuri sana kuliko kushona. Kwangu mimi nampigia mteja siku hiyo hiyo, nanunua kitambaa, na mwanafunzi akiniletea kosa mwenyewe hadaiwi, anakishona kile kipya akiwa na mimi. Akificha nikaligundua mwenyewe, hapo tunazungumza lugha nyingine. Inanigharimu ndiyo, ndo maana ada yangu siyo ya chini.

Usiwagawe kwa macho na masikio

Utasikia watu wanasema huyu anajifunza kwa kuona, huyu kwa kusikia, huyu kwa kugusa, kila mtu afundishwe kwa njia yake. Nilijaribu. Nilimpa mmoja video za simu tu kwa sababu alisema yeye ni wa kuona, akaangalia zipu ya kuficha mara thelathini na bado hakuweza kuishona. Baadaye nikajua kuna wanasaikolojia walipitia tafiti za jambo hilo mwaka 2008 wakasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kufundisha mtu kwa "aina yake" kunamsaidia. Zipu lazima uione, uelezwe, na uishone, watu wote.

Kinachotofautisha zaidi ni anachokuja nacho. Yule mama mtu mzima alikuwa anadarizi na kufuma toka utotoni, ana jicho la uzi, ukimwambia "jaribu mwenyewe" anatafuta mpaka anapata na anakumbuka. Mgeni kabisa ukimwambia jaribu mwenyewe unamtesa tu, hajui hata aangalie wapi, anakata uzi mara kumi na hajui kwamba sindano imewekwa kinyume. Huyo mwonyeshe mfano uliokamilika, afumue nguo nzuri iliyoshonwa aone vipande vyake, airudishe. Halafu punguza msaada kidogo kidogo. Na akishajua acha kumwelekeza, maana ukiendelea kumwelekeza aliyejua naye anachoka na anaacha kufikiri.

Kitu kingine, usimwache mtu kwenye nguo moja. Msimu wa shule mwezi wa kwanza kijana anaweza kushona sketi za marinda mpaka anafumba macho, ukamwona fundi, mlete mteja mwenye mabega yaliyolala au tumbo kubwa anapotea. Mpe miili tofauti mapema, hata kama nguo chache.

Kwa wale ambao wamekomaa mtaani bila chuo, VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania) wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, unapimwa kwa unachojua unapewa cheti, mwambie aulizie kwenye chuo chao kilicho karibu. Lile daftari aende nalo, lipo la kueleza akiulizwa kwa nini anafanya anavyofanya.

Na yule wa chaki na umeme

Nimemwacha mwisho kwa sababu alinishinda muda mrefu. Huyu ukimsema anakuwa wakili. Ukimwonyesha anasema "najua anti." Jumamosi ndo mkali kuliko wote wa kuona makosa ya wenzake, anayaona kabla hata sijatundika nguo vizuri, ya kwake hapana.

Niliamua kumwondolea watu wa kulaumu. Ikawa inakaribia Idi, nikamwambia asishone oda za watu siku mbili, ashone shati lake la sikukuu. Kitambaa akachague mwenyewe na hela yake, akaleta kitambaa cha upande mmoja, kizuri cha bei, nikampa meza kubwa, chaki mpya, mchana kweupe. Kipimo ajipime na mwenzake, mimi nikakaa nje na mama wa jirani nakunywa chai.

Jioni nikaingia, shati limeisha, limepigwa pasi, liko kwenye henga. Mkono wa kushoto umejikusanya kifuani. Nilimwangalia, akaniangalia, hakusema chaki, hakusema umeme. Akauliza tu kama duka la vitambaa linafungwa saa ngapi. Lilikuwa limeshafungwa.

Alilivaa hivyo hivyo Idi nzima, nasikia kwenye picha zote kasimama upande upande. Na tangu siku hiyo sijamwona akikata mkono bila kugeuza karatasi, na mimi sijawahi kulitaja lile shati mbele yake, hata Jumamosi.